Mwandishi na Uvumi wa Magazeti: Habari za Bibi Salme wa Unguja

Leo twataka kuwaelezeni habari za waandishi wa vitabu, na jinsi watu walivyopenda kuwasema waandishi hao kuliko kuvisoma vitabu vyao. Lakini kabla hatujafika mbali, tuanze hapa nyumbani.

Huku kwetu Mlimba, katika bonde la Kilombero, mpunga unapokaribia kuiva watu hulala mashambani katika madungu, ili kuulinda na nguruwe na viboko. Usiku wa dungu ni mrefu, na dawa ya usiku mrefu ni mazungumzo. Neno likisemwa katika dungu la kwanza jioni, kabla jogoo hajawika limekwisha kufika dungu la mwisho, nalo njiani limeota mkia na pembe.

Mwaka mmoja kijana wa kijiji chetu alitunga shairi la kuwasifu walinzi wa mpunga, akalipeleka kwa mhariri wa gazeti. Shairi likapigwa chapa, na chini yake likawekwa jina la mtunzi pamoja na jina la Mlimba. Sisi walimu tulifurahi sana, tukalisoma mbele ya watoto darasani. Lakini baada ya wiki mbili hatukumsikia tena mtu akilitaja shairi. Wote walimtaja mtunzi. Mmoja alisema kwamba amelipwa fedha nyingi naye anazificha. Wa pili alisema kwamba ubeti wa tatu unamsengenya jirani yake kwa uvivu. Wa tatu alijua hata jina la mwanamke ambaye kwa ajili yake shairi lilitungwa, ingawa shairi lenyewe lilikuwa la nguruwe! Kijana yule akaona haya. Akaichomeka kalamu yake katika makuti ya paa, asiandike tena.

Jambo hili lilituhuzunisha, tukajiuliza: Je, ni tabia ya watu wa bondeni tu, au hata wenye vitabu vingi na magazeti mengi huwatenda waandishi wao vivyo hivyo? Tukafungua vitabu vya historia, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901. Mwanzoni mwa enzi yake gazeti lilikuwa kitu ghali, kwa sababu Serikali ilitoza kodi juu ya matangazo, juu ya stempu ya gazeti, na juu ya karatasi yenyewe. Kodi ya matangazo iliondolewa mwaka 1853, kodi ya stempu mwaka 1855, na kodi ya karatasi mwaka 1861. Tena reli zilikuwa zimeenea, hata gazeti lililopigwa chapa London usiku liliweza kusomwa siku ya pili katika miji ya mbali. Bei ikashuka, wasomaji wakaongezeka, na magazeti yakawa mengi yakishindana. Basi gazeti ni kama jiko lisiloshiba kuni. Habari za vita hazipatikani kila siku, wala mfalme hafi kila mwezi. Lakini mambo ya nyumbani kwa mtu mashuhuri yapo siku zote. Na katika watu mashuhuri wa zamani zile, waandishi wa hadithi walikuwa mbele, kwa kuwa hadithi zao zilisomwa katika nyumba za matajiri na za maskini pia.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1847 kilitolewa kitabu kiitwacho Jane Eyre, nacho kilikuwa na jina la mwandishi asiyejulikana, Currer Bell. Mara watu wakaanza kubishana: Ni mwanamume au mwanamke? Kitabu hicho chasimulia habari za mwalimu wa kike anayefundisha katika nyumba ya bwana mmoja ambaye mkewe ana wazimu. Kilipopigwa chapa mara ya pili, mwandishi alikitoa kuwa heshima kwa Thackeray, mwandishi mwenziwe aliyempenda kwa vitabu vyake. Kumbe mke wa Thackeray alikuwa ameugua akili kweli, na mwandishi hakuwa na habari. London nzima ikasema: "Huyu Currer Bell bila shaka alikuwa mwalimu katika nyumba ya Thackeray." Lakini ukweli ni kwamba Currer Bell alikuwa Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Yorkshire, wala hakuwa amepata kufanya kazi nyumbani kwa Thackeray. Alikusudia kumpa mtu heshima. Uvumi ukaigeuza heshima kuwa aibu.

Mwaka 1858 Charles Dickens, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote, aliachana na mkewe waliyezaa naye watoto kumi. Maneno yakaanza kuzagaa. Dickens akaona afadhali awajibu watu wote kwa mara moja. Akatoa tangazo katika gazeti la The Times na katika gazeti lake mwenyewe, akikana yaliyosemwa. Je, maneno yalikoma? Hayakukoma. Maelfu waliokuwa hawajasikia neno lo lote sasa wakaanza kuuliza: "Ni maneno gani hayo anayoyakana?" Mtu apigaye moshi kwa ukuti huenda akauwasha moto.

Mwaka 1859 kilitolewa kitabu kiitwacho Adam Bede, chenye jina la George Eliot. Mwandishi alikuwa mwanamke, Marian Evans, naye alijificha nyuma ya jina la kiume. Watu wa wilaya aliyozaliwa wakasema kwamba George Eliot ni mtu mmoja aitwaye Liggins, naye Liggins hakuwakataza kusema hivyo, hata watu wakamhurumia kwa umaskini wake wakataka kumchangia fedha. Mwisho mwandishi wa kweli alilazimika kujidhihirisha, ingawa alijua kwamba watu watamsema vibaya kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwake. Hivyo mkimya husemwa, ajibuye husemwa, na ajifichaye hupewa mtu mwingine mahali pake.

Labda mtu atasema: "Hayo ni mambo ya Ulaya, yatuhusu nini?" Twajibu: Katika zamani zile zile alikuwapo mwandishi mmoja aliyezaliwa katika nchi zetu, aliyesemwa na magazeti ya Ujerumani na ya Uingereza, na kisa chake chafika karibu sana na milima yetu. Huyo ni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Oman.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, karibu na mji wa Unguja. Mama yake, Bibi Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akaja kuwa suria wa Sultani. Siku hizo watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Bibi Salme alitamani kuandika. Basi akajifunza kwa siri, akiiga herufi za Kurani, na ubao wake ulikuwa mfupa mpana wa bega la ngamia. Enyi wanafunzi mnaonung'unika kwa kukosa daftari, mkumbukeni binti huyu wa mfalme na mfupa wake.

Elimu hiyo ndiyo iliyomtia katika mashaka ya kwanza. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na Sayyid Majid akawa mtawala wa Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake, Sayyid Barghash, alitaka kumpindua. Wale waliofanya shauri hilo walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na Bibi Salme, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, aliweza. Akawa mwandishi wao. Shauri likavunjika kwa msaada wa Waingereza, Barghash akahamishwa Bombay, na Bibi Salme akabaki katikati ya ndugu waliogawanyika. Mama yake alikuwa amekufa mwaka ule ule kwa kipindupindu.

Baadaye alikaa mjini karibu na nyumba ya mfanyi biashara kijana wa Hamburg, jina lake Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana, naye akachukua mimba. Hatari ilikuwa kubwa, kwa maana alikuwa Mwislamu na binti wa Sultani, naye yule alikuwa Mkristo na mgeni. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka usiku katika manowari ya Waingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Adeni. Huko mwaka 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na Ruete siku ile ile, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Alizaa watoto watatu katika nchi ile ya baridi. Lakini mwaka 1870 mumewe alianguka alipokuwa akishuka katika gari la abiria la mjini, akafa. Bibi Salme akaachwa mjane mwenye umri usiotimia miaka ishirini na sita, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa angali akijifunza. Fedha za mumewe zilipotea kidogo kidogo, akawa akifundisha Kiarabu ili apate chakula cha watoto.

Tafakarini hali yake. Kila alipokwenda, watu walimtazama kama ajabu. Kisa chake kilikuwa na kila kitu ambacho gazeti hupenda: jumba la mfalme, mapenzi ya siri, kutoroka usiku, merikebu ya vita, na mjane mzuri mwenye watoto. Watu wa Ulaya walikuwa wamejaza vichwa vyao hadithi za majumba ya masultani, nao walitaka aonekane kama mtu wa hadithi zile. Alikuwa mashuhuri kabla hajaandika hata ukurasa mmoja, na umashuhuri huo haukumpa mkate.

Haja yake ilikuwa moja: kupatana na ndugu zake na kupata urithi wake. Mwaka 1875 Sayyid Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Bibi Salme akaenda huko akitumaini kumwona, lakini wakubwa wa Uingereza walimzuia, wasitake wageni wao waudhiwe. Akarudi mikono mitupu.

Sasa sikilizeni jinsi kisa hiki kinavyoingia katika nchi yetu ya bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walipita Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami, wakiwatia watu sahihi katika karatasi ambazo zilisema nchi zimekuwa mali ya Wajerumani. Nchi hizo hazina umbali mkubwa na bonde letu. Mwezi wa Februari mwaka 1885 Serikali ya Ujerumani ilizikubali karatasi hizo, na Sultani Barghash akapinga. Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, akatuma manowari Unguja. Na pamoja na safari ile, mwezi wa Agosti mwaka 1885, aliletwa Bibi Salme na watoto wake.

Magazeti yakajaa maneno. Ilisemwa kwamba Wajerumani watampigania urithi wake; ilisemwa kwamba mwanawe atakalishwa katika kiti cha enzi cha Unguja. Yeye mwenyewe alitumaini kupata haki ya watoto wake. Ameandika kwamba alipopita katika njia za mji, wenyeji walimwamkia kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, wakimjulia hali. Lakini kwa wakubwa wa Berlin madai yake yalikuwa kamba ya kumvuta Sultani tu. Sayyid Barghash alipozikubali zile karatasi za bara chini ya mizinga ya manowari, kamba haikuwa na kazi tena. Madai ya Bibi Salme yakaachwa, naye akarudi Ulaya bila ya urithi.

Oneni, wasikilizaji. Msomaji wa Ulaya alipokuwa akiburudika na kisa cha binti mfalme, jambo kubwa lilikuwa likitendeka nyuma ya kisa, nalo ni kunyang'anywa nchi za watu wasiotajwa majina hata mara moja. Si kila uvumi huzuka wenyewe kama uyoga. Mwingine hupandwa, na aliyeupanda hungoja mavuno.

Mwaka uliofuata, 1886, Bibi Salme alitoa kitabu chake mjini Berlin, kwa Kijerumani, chenye kumbukumbu za maisha yake. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Huhesabiwa kuwa katika vitabu vya kwanza ambamo mwanamke wa Kiarabu ameyasimulia maisha yake mwenyewe. Katika dibaji alieleza kwamba hapo kwanza hakuyaandika kwa ajili ya watu wote, bali kwa watoto wake, ili wapate kuijua asili ya mama yao. Lakini sasa yalikuwa jawabu pia. Hakukana neno kwa neno kama alivyofanya Dickens. Aliyaeleza maisha yenyewe: jumba la Mtoni na bustani yake, chakula, mavazi, sikukuu, ugonjwa na misiba, wivu wa ndugu na upendo wa mama. Tena aliwahukumu Wazungu kama wao walivyomhukumu. Alisema kwamba mgeni akaaye Mashariki siku chache hawezi kujua mambo ya ndani ya nyumba, ila hukusanya porojo na kuzipeleka kwao kama habari za kweli.

Hata hivyo sisi walimu hatutendi haki tukimsifu tu. Katika kitabu hicho hicho Bibi Salme aliutetea utumwa. Alisema kwamba watumwa wa Waarabu walitendewa vema, akawalaumu waliotaka kuukomesha upesi. Alinena hivyo yeye ambaye mama yake alitekwa na kutengwa na wazazi wake. Watu waliofungwa minyororo huku bara na kupelekwa soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, hawakupata kitabu cha kujibia. Basi ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake ni bora kuliko uvumi, lakini nao haukosi kupimwa. Mtu huona vizuri chumba alichokaa; chumba cha jirani hukiona kwa tundu la ufunguo.

Alirudi tena Unguja mwaka 1888, asifanikiwe. Baadaye alikaa Jaffa, kisha Beirut miaka mingi, akarudi Ujerumani mwaka 1914, akafa mjini Jena tarehe 29 Februari mwaka 1924. Alizikwa Hamburg karibu na mumewe. Katika vitu vyake palionekana mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, aliokuwa ameuhifadhi. Baada ya kufa kwake zikapigwa chapa pia barua alizoziandika juu ya maisha yake ya Ujerumani, ambamo twasoma upweke ambao magazeti hayakuuona. Hodari wa magazeti wa zamani zile wamesahauliwa hata majina, lakini kitabu chake kingali kikisomwa.

Katika habari hizi twapata mafunzo ambayo hata asiye na kitabu nyumbani aweza kuyatumia. Ukisikia neno juu ya mtu, au ukilisoma katika kipande cha gazeti ulichofungiwa sabuni dukani, uliza maswali matatu. Kwanza: Ni nani aliyesema, naye alijuaje? Watu wa London walijua habari za Charlotte Brontë kwa kukisia tu. Pili: Ni nani atakayefaidiwa na neno hili? Katika kisa cha Bibi Salme waliofaidiwa walikuwa wenye magazeti na wenye manowari, si yeye. Tatu: Je, nimekisoma kitu chenyewe alichokiandika, au nimesikia habari za mwandishi tu? Asiyeonja mchuzi asimseme mpishi.

Na kwa yule anayetaka kuandika tuna neno pia. Kusemwa utasemwa. Ukinyamaza watasema, ukijificha watasema. Lakini maneno ya dunguni huisha mpunga ukivunwa, na neno lililoandikwa vema hubaki. Bibi Salme hakuwa na ndugu wa kumtetea, wala urithi, wala nchi. Alikuwa na kalamu aliyojipatia kwa mfupa wa ngamia, naye aliitumia.

Habari hizi tulimsimulia yule kijana wa kijiji chetu, jioni moja, tukiwa tumeketi chini ya dungu lake. Alinyamaza muda mrefu akiwatazama ndege wakirudi mtoni. Kisha akauliza neno moja tu: yule Bibi aliupataje wino? Tukamjibu kwamba hatuna habari ya wino wake, lakini wino wa shule upo. Siku ya pili asubuhi akaja kuuchukua.

Basi, wasikilizaji, siku mtakapoona gazetini jina la mtunzi wa Mlimba, twawaombeni kitu kimoja: lisomeni shairi lake kwanza. Kwaherini.